Karatasi ya Mjerumani na mtoto asiye na mjomba

Kwa zaidi ya miaka mia moja ukoo wetu umehifadhi karatasi moja. Ilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga za marehemu bibi, na kila mtoto aliyeonyeshwa aliambiwa maneno yaleyale: hii ni hati ya shamba, Bibi wa Lindi alipewa na Mjerumani. Mwaka jana niliipeleka kwa mtu anayesoma Kijerumani. Haikuwa hati ya shamba.

Naeleza kisa hiki chote, pamoja na makosa niliyofanya, kwa sababu najua familia nyingi za kusini zina karatasi ya namna hii sandukuni na zina hadithi iliyofungwa pamoja nayo. Majina nimeyaacha. Kijiji nasema tu kwamba kipo baina ya Ndanda na Masasi, na mwenye haki ya kunikataza kusimulia nilimwomba ruhusa kabla sijaandika neno.

Shamba lenyewe lipo kwenye mahame. Babu mzaa mama alipanda mikorosho pale akiwa kijana, akaitunza hadi 1974, watu walipohamishiwa vijijini. Mikorosho ikabaki porini na wenyewe wakawa mbali. Yaliyotupata sisi yaliwapata wengi: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mashamba yaligeuka vichaka, ugonjwa wa ubwiri unga ukala maua. Baadaye dawa yake, salfa, ilipoenea na bei kupanda, kila mtu alikumbuka mti wake. Babu alikuwa amekwishafariki, na mirathi yake haikufunguliwa popote.

Pande mbili zikasimama. Upande wetu ni wajomba zangu, watoto wa kiume wa babu. Upande wa pili ni uzao wa dada yake baba yake babu. Huyo baba yake babu nitamwita Babu Mkuu, maana ndiye aliyefyeka pori lile mara ya kwanza.

Msomaji wa nje ya kusini anahitaji kuelewa kwa nini upande wa pili ulikuwa na hoja. Wamakua, kama majirani zao Wayao, Wamakonde na Wamwera, ukoo wao wa asili unafuata mama. Mtoto hubeba nihimo, yaani jina la ukoo, ya mama yake. Anayemsemea jandoni, kwenye posa, kwenye kesi na kwenye ugonjwa ni mjomba, na kwa desturi ya zamani mali ya mwanamume ilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada yake. Kwa hiyo uzao wa dada yake Babu Mkuu walisema wazi: shamba ni la mjomba wetu, ninyi mkaulize kwa wajomba zenu.

Jibu letu lilikuwa ile karatasi. Shamba si la Babu Mkuu, tulisema, ni la mkewe, Bibi wa Lindi, na hati yake hii hapa. Limetoka kwa mama kwenda kwa mtoto, desturi haikuvunjwa. Nililisema hilo mwenyewe mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, nikiamini kila neno.

Hadithi ya Bibi wa Lindi tulikuwa tumeipamba vizuri. Alikuwa binti wa tajiri wa mjini, mwungwana wa pwani, aliyempenda Mmakua wa bara akamfuata hadi Masasi na mahari yake mkononi. Mama zetu walitusimulia hata namna alivyojifunga khanga. Kulikuwa na hadithi nyingine pia, ya Babu Mkuu, ambayo hakuna aliyeijali. Ilisema kwamba ujanani alilipwa na Wajerumani kuchimba mifupa ya zimwi. Watoto tuliicheka, na wakubwa waliiacha iwe ya kuchekesha watoto.

Kazi yangu ni ya makaratasi. Ninashughulika na stakabadhi za korosho kwenye chama cha msingi, na nimeona watu wakipoteza haki kwa kutosoma walichotia sahihi. Ndiyo maana nilisema karatasi hii isomwe, tuwe na nakala na tafsiri. Nikaipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika: "Hati yetu hii, Jumatano naipeleka kusomwa." Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na mtu anayefanya kazi ya namna hii asilirudie. Usitangaze kitu ambacho hujakisoma.

Aliyenisomea ni mtawa mzee. Alianza kimya, kidole kikipita mstari kwa mstari, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mama huyu ni nani kwako?" Nikamwambia ni mama yake babu yangu mzaa mama. Akaanza kunieleza polepole.

Juu kabisa, kwa herufi za chapa za Kijerumani cha zamani, kuna neno moja: Freibrief. Maana yake hati ya uhuru. Chini yake, kwa wino, jina la mwanamke ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulisikia. Kabila: Mnyasa. Jina la bwana wake, mkazi wa Lindi. Muhuri wa ofisi ya wilaya ya Lindi. Mwaka 1911. Na kwenye nafasi ya kueleza amepataje uhuru, neno Loskauf: amekombolewa kwa fedha. Kuhusu shamba hakuna hata neno.

Nilirudi Mtwara na basi la mchana. Ujumbe ulikuwa unaingia kwenye kundi: vipi, imesomwa? Mipaka imetajwa? Sikujibu kwa wiki tatu.

Katika wiki hizo nilijifunza mambo ambayo shuleni nilipita juu yake tu. Nilidhani Wajerumani walipokuja walifuta utumwa. Hawakuufuta. Walipiga vita misafara ya kukamata na kuuza watu, lakini umiliki wenyewe waliuacha uendelee, kwa kuogopa kuwaudhi matajiri wa mwambao na kukosa vibarua mashambani. Amri ya 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa kiasi kilichopangwa na ofisi. Amri ya 1904 ikasema watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla ya hapo waliendelea kuwa mali ya mtu hadi wapate hati, na hati hizo zilitolewa kwa makumi ya maelfu ya watu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Yaani nchi yetu ilikuwa na watumwa wa halali wakati bibi yangu mzaa mama alikuwa tayari mtoto anayetembea.

Neno "Mnyasa" nalo lilinichukua muda. Kwanza nilifurahi, nikadhani nimepata kabila. Lakini mwambao uliwaita Wanyasa watu wote walioletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wawe Wayao, Wanyanja au wengine. Ni jina la njia waliyopitishwa, halisemi mtu alizaliwa kwa nani. Ukikuta neno kama hilo kwenye hati ya babu yako, usikimbilie kulijaza kwenye shajara ya ukoo kama ndilo asili yake.

Lililoniuma kuliko yote ni kwamba Masasi yenyewe haina sababu ya kuona haya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakielekea upande wa Nyasa walikotoka wengi wao, na kundi likaishia Masasi, wakajenga. Historia hiyo inasimuliwa hadharani na inaheshimiwa. Ila ikiingia nyumbani kwa mtu, ikawa ni bibi wa fulani, inafunikwa na khanga na hadithi ya tajiri wa Lindi.

Sasa nirudi kwenye shajara yangu, maana hapa ndipo ninapojilaumu. Dalili zilikuwepo zote, na niliziandika kwa mkono wangu bila kuziona.

Nilikuwa nimechora daftari zima. Kila mtu wa kizazi cha babu alikuwa na mjomba: huyu ndiye aliyempeleka jandoni, huyu ndiye aliyepokea posa. Kwa babu na dada yake palikuwa patupu. Nikaandika "mjomba: atafutwe", nikaendelea. Nilimuuliza mama, babu alipelekwa jando na nani? Akasema na watu wa baba yake. Niliandika na hilo. Niliuliza nihimo ya Bibi wa Lindi, nikaambiwa watu wa pwani hawana nihimo. Nikaridhika. Majina yanayotajwa unga unapomwagwa chini ya msolo, mti wa matambiko, yanakwenda mbali sana kwa akina mama wengine wote, kwake yanaishia kwake mwenyewe.

Halafu kulikuwa na hili la kurithishana baba kwa mtoto. Sisi tulilieleza kwa dini: ni watu wa misheni, tumeacha mambo ya wapwa. Lakini majirani wanaosali kanisa lilelile, waliobatizwa na mapadre walewale, waliendelea kurithisha wapwa hadi juzi. Dini ilikuwa moja, mbona urithi ulitofautiana? Swali hilo lingetosha kunifikisha nilikofikishwa na karatasi, kama ningelisimamia.

Maelezo yake ni haya. Kwa watu wanaofuata ukoo wa mama, mwanamke aliyetolewa utumwani hakuwa na kaka wa kuja kudai watoto. Watoto wake hawakuwa na kwao kwingine. Wakaingizwa upande wa baba yao, wakabeba nihimo ya baba. Huko nyuma wapo wanaume wa makabila yetu waliooa wanawake wa kununuliwa kwa sababu hiyohiyo, wapate watoto wasiodaiwa na mjomba yeyote. Kwa hiyo babu hakurithi kwa baba yake kwa ustaarabu wa misheni. Alirithi kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumrithi.

Nilipofika hapo nikaona kwamba karatasi ilikuwa imetuvunjia hoja moja na kutupa nyingine yenye nguvu zaidi. Kama babu alibeba nihimo ya Babu Mkuu, basi yeye na uzao wa dada yake Babu Mkuu ni nihimo moja, na shamba halikutoka nje ya ukoo hata siku moja. Lakini ili niiseme hoja hiyo barazani, ningepaswa kusimama mbele ya kijiji kizima na kutamka kwamba bibi yetu alinunuliwa. Mjomba mkubwa nilimwambia peke yake, chini ya mwembe wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Tumekutuma hati, umetuletea aibu." Akaingia ndani.

Nilikwenda kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia moja ya zamani. Eneo lile halina vitabu vingi vya kale. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905, na Ndanda ilianza 1906. Paroko aliniruhusu kukaa na vitabu asubuhi mbili. Vimeandikwa Kilatini, lakini safu zake zinajirudia, ukizijua tano umezijua zote. Nilimpata mwaka 1913. Jina jipya la Kikristo, mume ni Babu Mkuu, na kwenye safu ya wazazi maneno mawili: parentes ignoti, wazazi hawajulikani. Kwenye safu ya msimamizi wa ubatizo kulikuwa na jina nililolifahamu, maana nilikuwa nimelisikia likitajwa barazani na upande wa pili. Alikuwa dada yake Babu Mkuu. Yeye ndiye aliyesimama naye kisimani.

Basi nikajua ni nani wa kumuuliza. Upande wa pili una mzee mmoja, mjukuu wa dada huyo, mwanamke wa miaka inayokaribia tisini. Tunamwita Bibi wa Ng'ambo kwa kuwa nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Kwa muda wote wa ugomvi hakuwahi kufika barazani. Sisi tulisema ana kiburi.

Na tulikuwa na kisa chake kingine moyoni. Mwaka 1986 kijana wa upande wake alileta posa kwa mjukuu wa dada yake babu. Vijana walipendana, wazazi waliridhika, na yeye akaikataa posa siku ya mwisho bila kutoa sababu. Kwetu ilikumbukwa kama dharau kubwa. Shangazi zangu hawakumsalimia kwa miaka.

Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikampa sukari na majani ya chai, sikujua nianzie wapi. Nikaanza na posa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wangeoanaje wale, mjukuu wangu? Mtu na dada yake?"

Nikamwambia kwetu hakuna aliyejua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi walikosea kutowaambia. Ninyi ni nihimo yetu. Bibi yangu ndiye aliyempa mama yule nihimo, siku alipofika hapa na mguu wenye kidonda."

Kumbe alijua yote, kayapokea kwa mama yake. Alinieleza kwamba Babu Mkuu alishuka Lindi kutafuta rupia za kodi, akapata kazi kwa Wadachi, yaani Wajerumani, wa mifupa. Mifupa ilikuwa mikubwa kama magogo, wanaume wanne kwa mfupa mmoja, wakiibeba hadi pwani. Fedha alizopata hakununua nguo. Pamoja na za dada yake, aliyeuza mpira wa pori, walimkomboa mwanamke aliyekuwa akichota maji kwenye nyumba aliyopanga mjini.

Nilisikia nywele zikinisimama. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauria Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Wenyeji kwa mamia walifanya kazi pale, wengi zaidi wakawa wapagazi wa kushusha mizigo Lindi, na msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, jina lake limebaki kwenye historia ya sayansi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko, kimo chake kinapita mita 13. Hati ya bibi ni ya 1911, katikati kabisa ya miaka hiyo. Hadithi ya tajiri tuliyoitunza kwa heshima ilikuwa ya kutungwa, na ile ya zimwi tuliyoicheka ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Nilibaki na swali moja, nikaogopa kuliuliza, nikaliuliza. Kama ulijua, mbona hukuwaambia wajukuu zako? Wangesema tu barazani kwamba sisi ni watoto wa mtu wa kununuliwa, hati yetu ingekwisha nguvu siku hiyohiyo.

"Ndiyo maana sikuwaambia," akasema. "Mama alituapisha. Alisema, siku mtakapomtaja mama yule kwa neno lile, mmenitoa na mimi kwenye ukoo. Wale vijana wangu wana njaa ya mikorosho. Ningewapa neno, wangelitumia."

Kumbe miaka yote ile tuliyosema ana kiburi, alikuwa amekalia silaha ya kutushinda, akawaficha watu wake mwenyewe. Nilishindwa kula ubwabwa aliotengeneza. Akanihimiza kama mtoto, nikala.

Alikuja barazani mwezi uliofuata, akibebwa kwenye bodaboda na mjukuu wake aliyekuwa akitushambulia kwa maneno makali kuliko wote. Alisema machache. Kwamba pande hizi mbili ni nihimo moja tangu kwa bibi yake, kwamba yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na kwamba asiyeamini akamuulize kwa nini posa ya 1986 ilikataliwa. Watu wazima walielewa mara moja. Hakuna aliyelitaja neno lile, na karatasi haikuombwa. Mjomba wa pili akaiondoa mwenyewe kwenye vielelezo, akasema tuliisoma vibaya. Muhtasari wa Baraza umeandika kwamba pande ni ukoo mmoja, kila aliyepanda au kufufua mti ataendelea kuuvuna, na mahame hayatauzwa kwa mtu wa nje. Bado kuna mikorosho kumi na tisa upande wa bondeni inayobishaniwa, na itabishaniwa msimu ujao pia.

Bibi wa Ng'ambo alinipa kitu kimoja zaidi kabla sijaondoka siku ile ya mkeka. Karatasi ina jina alilopewa na bwana wake, kitabu cha kanisa kina jina la ubatizo, lakini kulikuwa na jina la tatu, aliloitwa na mama yake kabla ya yote, na alilisema mara moja tu kwa wifi yake. Likashuka kwa akina mama watatu hadi kwangu. Siliandiki hapa. Nimeliandika kwenye shajara, mahali palipokuwa na neno "atafutwe".

Mjomba mkubwa hakuzungumza nami hadi Novemba, mwezi wa marehemu. Alikuja nyumbani Mtwara na bahasha ya nia za misa, kalamu mkononi, amekwisha kuandika majina ya wote hadi kwa Babu Mkuu. Alikaa, akanywa maji, akaniuliza, "Lile la tatu linaandikwaje?"